Soma Kwanza, Ndipo Utie Saini

Tuseme leo asubuhi umekaa barazani kwako hapa Vitongoji. Unamenya mhogo, na mwanao mdogo anacheza mbele yako. Mara unasikia: "Hodi hapa!"

"Karibuni," unajibu.

Wanakuja vijana wawili, mwanamme na mwanamke. Wameshika mafaili. Mkisha kuamkiana, yule mwanamke anasema: "Mama, sisi tunafanya utafiti wa afya za watoto. Tunaomba na huyu wako awemo. Ukikubali, tia saini yako hapa."

Zamani ungelitia dole. Kidole kingechovywa katika wino, kingebanwa karatasini, na kazi ingekwisha. Maneno yaliyoandikwa juu ya dole lako usingeyajua. Lakini sasa umo katika darasa la kisomo, na kalamu unaijua. Je, utafanya nini?

Somo letu linahusu swali hilo. Kwanza tuangalie utafiti ni nini. Kisha tutaona jambo kubwa lililotokea hapa Pemba, ambalo dunia nzima imejifunza kwalo.

1. UTAFITI NI NINI?

Utafiti ni kutafuta jawabu la swali kwa mpango, bila ya kubahatisha.

Mkulima wa mpunga anaujua utafiti, hata kama hauiti kwa jina hilo. Tuseme anataka kujua kama mbolea fulani inafaa. Akiitia bonde zima na mpunga ukastawi, hatajua sababu yake. Pengine ni mbolea. Pengine mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri tu. Basi afanye hivi: aligawe bonde lake mafungu mawili. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, na palizi iwe sawa. Fungu moja alitie mbolea na jengine asilitie. Siku ya kuvuna atapima, na tofauti ataiona.

Watafiti wa afya hufanya vivyo hivyo. Watu hugawiwa mafungu kwa kura. Fungu moja hupewa dawa inayochunguzwa. Jengine hupewa kidonge kinachofanana nayo, lakini ndani yake hamna dawa. Mara nyingi hata anayegawa vidonge hajui kipi ni kipi. Hufanywa hivyo ili mtu asipendelee upande mmoja.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mpunga hauombwi ruhusa. Binaadamu lazima aombwe.

2. UTAFITI WA VIDONGE VYA CHUMA, PEMBA

Damu yetu inahitaji madini ya chuma. Mtoto akikosa chuma, damu yake hupungua. Huwa mnyonge, hachezi, na hata kujifunza kwake huwa kuzito. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni, na malaria huiharibu damu mwilini. Kwa hiyo, katika miaka ya 1990 upungufu wa damu ulikuwa umeenea sana kwa watoto wa Pemba.

Wakati ule wataalamu wa dunia walikuwa wakishauri hivi: mahali penye upungufu mkubwa wa damu, watoto wadogo wote wapewe chuma. Ushauri huo ulionekana wa busara. Chuma huongeza damu, basi nani atakikataa? Lakini lilibaki swali moja. Je, mahali penye malaria nyingi, chuma ni salama kwa kila mtoto?

Mwaka 2002 swali hilo lilianza kutafutiwa jawabu katika kisiwa chetu. Watafiti walikuwa wa Wizara ya Afya na wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, si mbali na hapa Vitongoji. Maabara hiyo ilifunguliwa mwaka 2000, na imepewa jina la mtaalamu wa Kiitalia wa magonjwa ya minyoo na vijidudu. Walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani.

Watoto 24,076 waliingizwa katika utafiti. Mdogo wao alikuwa na umri wa mwezi mmoja, na mkubwa wao miezi 35. Waligawiwa mafungu matatu kwa kura:

Fungu la kwanza, watoto 7,950: walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Asidi ya foliki ni vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Fungu la pili, watoto 8,120: walipewa chuma, asidi ya foliki na madini ya zinki.

Fungu la tatu, watoto 8,006: walipewa vidonge visivyo na dawa.

Watafiti wakawa wanaandika nani ameugua, nani amelazwa hospitali, na nani amefariki. Pembeni palikuwa na kamati ya wataalamu wengine. Kazi yao ilikuwa kuangalia hesabu kabla utafiti haujamalizika, ili wajue kama kuna watoto wanaodhurika.

Kamati iliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Tarehe 19 Agosti, 2003 ugawaji wa chuma katika utafiti ule ulisimamishwa.

Tofauti ilikuwa kiasi gani? Ilikuwa asilimia 12. Maana yake ni hii. Tuchukue makundi mawili ya watoto yaliyo sawa kwa idadi. Ikiwa katika kundi lisilopewa chuma watoto 100 walilazwa au walifariki, basi katika kundi lililopewa chuma walikuwa kama 112. Ukimtazama mtoto mmoja mmoja, tofauti hiyo huioni. Mama hawezi kuiona nyumbani kwake, wala daktari hawezi kuiona katika wodi yake. Ilionekana kwa sababu maelfu ya watoto waliandikwa na kuhesabiwa.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili usilisahau. Baadhi ya watoto walipimwa damu tangu mwanzo, na wakawa wanachunguzwa na kutibiwa malaria. Miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walifaidika na vidonge. Kwa hiyo chuma si sumu. Kinamfaa mtoto aliyepungukiwa, ambaye malaria yake inaangaliwa na kutibiwa. Hatari ilikuwa katika kumpa kila mtoto bila ya kupima, mahali penye malaria nyingi.

3. SWALI LA MZAZI

Mzazi anaweza kuuliza kwa uchungu: "Kumbe watoto wetu walijaribiwa?"

Swali hilo ni la haki, wala tusilikimbie. Ni kweli kwamba wapo watoto waliodhurika kwa kitu kilichokusudiwa kuwafaa. Mzazi aliyefiwa haliwazwi kwa hesabu.

Lakini tufikiri na upande wa pili. Chuma kilikuwa kikishauriwa kwa watoto wa nchi nyingi. Lau kusingekuwa na utafiti ule, kingeendelea kugawiwa kwa watoto wote mahali penye malaria. Madhara yangekuwa makubwa zaidi, na pasingekuwa na mtu wa kuyaona. Matokeo ya Pemba yalichapishwa mwezi wa Januari, 2006 katika jarida la kidaktari la Uingereza, The Lancet. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba mahali penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kuikinga, kuipima na kuitibu malaria.

Kwa hiyo watoto wa Pemba wameifundisha dunia. Mwalimu wa namna hiyo anastahiki heshima. Na heshima ya kwanza ni mzazi wake kuelezwa kila kitu kabla ya kukubali.

4. DAKTARI NAYE NI MWANAFUNZI

Wengi wetu hudhani kwamba daktari na muuguzi wamekwisha kusoma. Sivyo. Muuguzi aliyesoma kabla ya mwaka 2006 alifundishwa jambo moja juu ya chuma. Aliyesoma baadaye alifundishwa jengine. Yule wa kwanza hana budi kurudi kujifunza, la sivyo atatibu kwa elimu iliyopitwa na wakati.

Wauguzi na matabibu wetu wengi husomea Mbweni, Unguja, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mafunzo wanayopewa hayakushuka yenyewe. Yametokana na utafiti, na utafiti umetokana na watu waliokubali kupimwa damu, mkojo na choo. Baadhi yao ni watu wa shehia kama hizi zetu.

Hata malaria yenyewe imepungua sana Zanzibar kwa njia hiyo. Dawa mseto zilianza kutumika mwaka 2003. Tangu mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani vikaenea. Kila kimoja kilichunguzwa kwanza, kisha kikafundishwa, kisha kikaletwa majumbani.

Tahadhari: Ukipewa vidonge vya chuma kliniki kwa sababu ya mimba, au mtoto wako akipewa baada ya kupimwa, vitumie kama ulivyoelezwa. Usiviache kwa sababu ya somo hili. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi.

5. KARATASI YA RIDHAA

Sasa turudi barazani. Wale vijana wawili bado wanakungoja.

Karatasi waliyokupa inaitwa karatasi ya ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kufahamu. Hapa Zanzibar utafiti wa afya hautakiwi kuanza mpaka upitiwe na kamati ya maadili ya utafiti. Lakini ruhusa ya kamati haiondoi ruhusa yako. Hata sheha akiwa amearifiwa, sheha hawezi kukuridhia mtoto wako.

Isome karatasi polepole. Tafuta majawabu ya maswali haya:

(a) Utafiti huu unatafuta nini?
(b) Mtoto wangu atafanyiwa nini? Atatolewa damu? Atapewa dawa?
(c) Utachukua muda gani?
(d) Una hatari gani?
(e) Una faida gani, kwake au kwa wengine?
(f) Habari zake zitawekwa siri vipi?
(g) Nikitaka kumtoa, nitaweza?
(h) Nikiwa na tatizo, nimuone nani?

Ukikosa jawabu la swali lolote, uliza. Ukitaka kushauriana na mumeo, au na mama yako, waambie warudi kesho. Mtafiti mzuri hakasiriki kwa hilo. Tena fahamu kwamba ukikataa, hutakosa matibabu. Mlango wa hospitali ya Vitongoji utabaki wazi kwako kama kawaida.

Na jirani yako asiyejua kusoma je? Yeye husomewa karatasi yote, mbele ya shahidi anayejua kusoma, ndipo atie dole. Huenda ukaitwa wewe uwe shahidi. Basi usitie saini yako mpaka uhakikishe kwamba amesomewa yote na ameyafahamu.

6. ZOEZI LA KUSOMA

Huu ni mfano wa karatasi ya ridhaa. Isome kwa sauti, kisha jibu maswali.

"Tunachunguza minyoo kwa watoto wa skuli. Ukikubali, mtoto wako atapewa kikopo cha kutilia choo kidogo. Choo hicho kitapimwa kwa hadubini. Akionekana na minyoo atapewa dawa bure. Dawa huweza kumuumiza tumbo kwa muda mfupi. Jina lake halitatajwa kwa mtu mwengine. Unaweza kumtoa wakati wowote.

Mimi nimesoma, au nimesomewa, maneno haya na nimeyafahamu. Ninakubali mtoto wangu aingie katika utafiti huu.

Saini au dole la mzazi: ................ Tarehe: ................"

MASWALI

1. Karatasi hii inajibu maswali gani kati ya yale manane, (a) hadi (h)?
2. Maswali gani hayakujibiwa? Ungemuuliza nini mtafiti?
3. Jumlisha: 7,950 + 8,120 + 8,006. Je, unapata idadi ya watoto iliyotajwa katika sehemu ya 2?
4. Kwa nini watoto wa fungu la tatu walipewa vidonge visivyo na dawa?
5. Jadilianeni darasani: Lau mngelikuwa wazazi mwaka 2002, mngetaka kuelezwa nini kabla ya kutia saini?

MANENO MAPYA

Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Maabara: mahali pa kupimia damu, mkojo, choo na vitu vyengine.
Maadili: mwenendo unaostahiki katika kazi.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Saini yako ni neno lako. Usimpe mtu neno lako kabla hujajua linakwenda wapi.