Njia i Karibu, Safari i Mbali
Vijana wa baiskeli wa ng'ambo za Mombasa na haki yao ya kupita

Penye nia pana njia. Methali hii kila mmoja wetu aliisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini juzi, alfajiri ya Jumapili, nilisimama kwenye mteremko wa feri upande wa Likoni, nikaona nia tele na njia hapana.

Walikuwa vijana watano, wametoka kuswali, kila mmoja ameshika baiskeli yake kwa usukani. Hazikuwa baiskeli zile za chuma kizito tulizozoea kubebea maji na mikate. Hizi zilikuwa na matairi manene yenye meno, gia nyuma na mbele, na mbele ya usukani springi za kumeza mashimo. Baiskeli za mlima. Nikawaamkia, wakaniamkia kwa adabu, nikawauliza wanakwenda wapi.

"Bamburi, Ami," akajibu mkubwa wao. "Msituni."

"Kwani huku Likoni hamna pa kuendesha?"

"Pa kuendesha papo, Ami. Pa kuendesha ukarudi mzima ndipo hapana."

Feri ikatia nanga ya mlango wake, watu wakamiminika, na wale vijana wakazama katika umati wakisukuma baiskeli zao. Mimi nikabaki na yale maneno. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza suala moja katika ng'ambo zetu zote tatu, Likoni, Changamwe na Kisauni: je, kijana mwenye baiskeli ya mlima anakaa mbali kiasi gani na njia inayofaa baiskeli hiyo? Jibu nililopata halipimwi kwa kilomita peke yake.

CHOMBO KILICHOZALIWA MLIMANI

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Baiskeli ya mlima haikubuniwa na kiwanda. Ilizaliwa na vijana wa jimbo la California huko Marekani, katika miaka ya sabini, waliokuwa wakiokota baiskeli kuukuu za matairi mapana, wakizipandisha mlima uitwao Tamalpais, kisha wakiziachilia kwenye njia za vumbi. Mwaka 1976 walianza mashindano ya kuteremka njia moja kali mno. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya gurudumu, na zilipata moto hata grisi ikawa moshi, ikabidi kila baada ya mteremko zifunguliwe zipakwe grisi upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu maalumu ya kazi hiyo. Kufika 1981 viwanda vikaanza kuziuza kwa wingi, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Nayasema haya kwa sababu moja. Wale vijana mlima walikuwa nao mlangoni. Walifungua mlango, wakapanda. Mchezo ulizaliwa kwa sababu njia ilikuwa karibu na nyumba.

Na hapa kwetu Kenya tunao mfano. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ambaye baadaye alishinda mbio kuu za Ufaransa mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alijifunza kuendesha kwa David Kinjah, katika vilima vya Kikuyu. Kijana yule alikuwa na mwalimu na alikuwa na njia za udongo za kupanda na kushuka. Viwili hivyo vikikutana, Mungu akipenda, hutoka mtu.

Basi sisi tumekosa nini? Chombo hatukukosa. Baiskeli kuukuu za Ulaya huteremshwa Kilindini pamoja na mitumba mingine, na mafundi wetu huzifufua kwa mikono yao. Mvulana wa Mtongwe au wa Chaani huiona meli kabla hajaiona baiskeli. Nia pia, nimeshasema, tuliiona feri. Kilichobaki ni njia.

MSITU ULIOOTA JABALINI

Njia wanayoisifu vijana wote niliozungumza nao ni zile za msitu wa Bamburi, upande wa Kisauni. Inafaa tuijue asili yake, kwani ni katika mambo ya ajabu ya pwani hii.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Kwa miaka mingi kilichimba jiwe la chokaa, yaani matumbawe ya bahari ya zama za kale, mpaka pakabaki shimo kubwa jeupe lisilo na udongo, jua likiakisi kama bati. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kupanda miti katika jangwa lile. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na iliyoshinda zote ni mvinje, mti wetu huu wa ufukweni unaolia upepo ukivuma.

Lakini majani ya mvinje ni magumu, yalianguka yakarundikana, hayaozi. Aliyeleta dawa ni jongoo. Haller aliwaleta majongoo, wakayala yale majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Katika udongo ule ikaota miti mingine, wakaja ndege, wakaja wanyama. Subhanallah! Jongoo, ambaye sisi tukimwona twamruka, ndiye aliyefanya udongo juu ya jabali.

Humo ndimo zilimotengenezwa njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, kwa kiingilio mlangoni. Kivuli juu, ardhi laini chini, wala hapana matatu ya kukupigia honi kisogoni. Mzee huweza kutembea, msichana na buibui lake huweza kujifunza baiskeli pamoja na nduguze bila kukodolewa macho na barabara nzima. Sasa tazama ni nani anayeweza kufika huko.

NG'AMBO TATU, MASHAKA TATU

Wa Likoni, ukimpimia kutoka feri, ana kiasi cha kilomita 14. Kwa kijana mwenye baiskeli hiyo ni safari ya saa moja. Lakini kwanza lazima avuke. Kivuko chenyewe ni nusu kilomita ya maji, na siku nyingine humla muda mrefu kuliko safari yote iliyosalia. Akishavuka, akate kisiwa chote kupitia katikati ya mji, aje Buxton, apande daraja la Nyali, ashuke Kongowea penye mikokoteni na malori ya mboga, ndipo ashike barabara ya Malindi. Mzazi akimkataza mwanawe, tusimlaumu. Kuna nyumba huku kusini ambazo hazijasahau Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na roho 272 zikapotea. Mama wa hivyo, mtoto akivuka kwa kazi humwombea dua. Akivuka kwa mchezo, utamwambia nini?

Wa Changamwe hana feri, ana malori. Mizigo ya Kenya, na ya Uganda na nchi zilizo mbele yake, hupita mlangoni kwake. Nilikaa kibarazani kwa fundi baiskeli mmoja wa upande wa Magongo, nikahesabu malori mpaka nikachoka. Nikamwuliza fundi, ni kitu gani aghalabu huletewa kutengeneza. Nilidhani atasema pancha. Akanionyesha rimu mbili zilizopinda kama kaimati iliyokandamizwa. "Hizi, Ami, ni za kusukumwa mtaroni," akasema. "Mwenyewe Mungu alimnusuru, akatoka na mkono tu." Mwenye rimu zile ni mvulana wa miaka kumi na sita. Mkono umepona, lakini baiskeli hajairudia. Mamake ameifunga mnyororo na kufuli, na ufunguo anao yeye.

Na hapa ndipo penye kichekesho cha kuliza. Ukisimama Mikindani jioni, ukatazama ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, nchi ya Kisauni i mbele ya macho yako, na nyuma yake ni Nguu Tatu, vilima virefu kuliko vyote katika Mombasa. Si mlima wa kutisha, lakini kwa mji uliolala sawa na bahari, ni mlima. Ndege huufikia kwa dakika chache. Kijana wa Mikindani hana daraja hapo. Lazima azunguke Makupa, aingie kisiwani, atoke kwa Nyali, kilomita 15 na zaidi, kuifikia nchi aliyoiona kutoka kibarazani kwao.

Wa Kisauni je? Huyo utadhani amepata, kwani msitu ni wake na Nguu Tatu ni zake. Lakini mwenyeji wa Kisauni alinieleza hivi: msitu una mlango, na mlango una bei. Kwa mwenye kazi ni bei ndogo. Kwa kijana anayekaa barazani akingoja kibarua, ni chakula cha siku. Ama zile njia za wazi za Mtopanga, Utange na Mwakirunge, walizopita wazee kwenda mashamba, kila mwaka hukutwa zimezibwa. Leo ukuta, kesho seng'enge, kesho kutwa bango la kuuza ploti. Njia waliyoikanyaga mababu miaka mia haina hati, na kisicho na hati siku hizi hakina mtetezi.

DONGO KUNDU NA SHIMBA

Si haki niandike mashaka peke yake. Mwaka 2024 ilifunguliwa barabara ya Dongo Kundu, kilomita 17 na kitu, kutoka Miritini kupitia Tsunza hadi Kibundani. Daraja lake la Mteza lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na robo tatu hazijafika. Sasa mtu wa Changamwe aweza kwenda kusini bila kungoja feri, na asubuhi za wikendi nimewaona waendesha baiskeli wakipita juu ya mikoko, kanzu ya upepo mgongoni. Ni lami, na magari huenda mbio, lakini ni ufunguo. Kwani aliyefika Kibundani amekaribia njia ya Kwale, na Kwale ndiko uliko mlima wa kweli, vilima vya Shimba vilivyo juu zaidi kuliko Nguu Tatu.

Hapo napo pana adabu zake. Shimba ni hifadhi tangu 1968, ina ndovu, na ndovu haombwi radhi kwa kengele ya baiskeli. Na makaya ya Wamijikenda, ambayo dunia iliyatambua kuwa urithi wake mwaka 2008, si viwanja vya mchezo. Si kila njia ni ya gurudumu. Kijana akiheshimu za watu, ndipo apate uso wa kudai yake.

HAKI YA NJIA

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tukitoka chuoni tukishindana kuokota miiba na vigae, kila mmoja akitaka tawi lake. Alitufundisha pia kwamba njia ina haki yake juu ya wanaoikaa na wanaoipita, na mojawapo ni kutomdhuru mpitaji.

Leo udhia si mwiba. Udhia ni lori linalomsukuma mtoto mtaroni. Ni ukuta uliojengwa juu ya njia ya wote. Ni barabara mpya inayopimwa kwa magari manne sambamba, isiyoachiwa hata dhiraa mbili za baiskeli. Haya hayaokotwi kwa mkono wa mtoto wa chuo. Barabara kuu ziko mikononi mwa serikali ya taifa, na za mitaani, tangu katiba ya 2010, ni za kaunti. Wenye mamlaka hayo wengi ni watoto wetu, wamekaa juu ya mikeka ile ile, wamesoma yale yale.

Wala hatuombi makubwa. Ukanda wa baiskeli wenye ukingo, kutoka Changamwe hadi Nyali. Njia za kale za Kisauni ziandikwe kabla hazijaziba zote. Na Likoni, ambako kuna kitongoji kiitwacho Shika Adabu, barabara nayo ishikishwe adabu. Wenye msitu, kwa hisani yao, wakifungua mlango asubuhi moja katika wiki kwa vijana wasio na kitu, watakuwa wamepanda mti mwingine juu ya jabali.

Wale vijana watano niliwaona tena siku ile ile, Adhuhuri imekaribia, wakishuka feri. Wamejaa vumbi, wanacheka. Niliwahesabu. Watano. Nikasema Alhamdulillahi, kisha nikajiuliza: tangu lini mtoto kurudi salama kutoka mchezoni kukawa jambo la kuhesabiwa?

Nawaachia ubeti huu, wanipokee malenga wenzangu:

Njia haina tajiri, wala mwenye kuitwaa,
Aliye juu ya gari, na wa chini mwenye njaa,
Na kijana msafiri, pedelini akikaa,
Wote wapite kwa heri, bila kuogopa baa.