Asali Nyeusi ya Mwisho wa Msimu: Ipimwe kwa Maji, Si kwa Rangi

Kiangazi kinapokaribia kwisha na mawingu ya Septemba kuanza kutanda juu ya milima inayoutazama mji wa Bujumbura, warina asali huifungua mizinga yao kwa mara ya mwisho kabla ya mvua. Asali hiyo huteremshwa mjini kwa bidoni, na ifikapo Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya biashara, mabishano huanza. Mnunuzi huinua chupa kuelekea mwangani, huuona weusi, kisha hutamka kwamba asali imeungua. Muuzaji, kwa kukosa jawabu, hupunguza bei. Aghalabu wote wawili huwa wamekosea.

Rangi ya asali hutokana kwanza na maua. Maua mengine hutoa asali nyeupe karibu kama maji, mengine hutoa asali ya kahawia iliyokoza. Masega ya zamani, yaliyokwisha kulea makinda ya nyuki mara nyingi, nayo huitia asali weusi. Ni kweli kwamba moto mkali huifanya asali kuwa nyeusi na kuiharibu, lakini si kila asali nyeusi imepikwa. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, huikubali asali ya rangi yoyote, tangu ile isiyo na rangi hata ile ya kahawia nzito.

Jambo ambalo viwango hivyo havilisamehi ni maji. Asali haipasi kuwa na maji zaidi ya asilimia 20. Nyuki wenyewe huijua kanuni hiyo: hupepea mabawa yao mpaka maji yapungue, kisha huliziba tundu la sega kwa nta. Mrina asali anayeharakishwa na mvua akakata masega yasiyozibwa huvuna asali mbichi. Asali hiyo huchacha, hutoa povu na harufu ya pombe, nayo yaweza kuharibu bidoni nzima.

Funzo kama hilo limepatikana mbali sana na Burundi. Huko Kanada na kaskazini ya Marekani, wakulima hutoboa mti uitwao mepo mwishoni mwa majira ya baridi na kuchemsha utomvu wake, lita 40 hivi kupata lita moja ya shira. Shira ya mwisho wa msimu huwa nyeusi na yenye ladha kali, na kwa miaka mingi iliwekwa daraja la chini. Mwaka 2015 Marekani ilibadili kanuni zake: shira safi isiyo na dosari, iwe ya dhahabu au nyeusi sana, yote ikaingia daraja A, na rangi ikabaki kuwa maelezo ya ladha tu. Kilichokuwa kikiuzwa kwa kuonewa haya kikapata jina lake la haki.

Mwenye kuuza asali Buyenzi aweza kufuata mwendo huo huo. Masega yatengwe siku ile ile ya kuvuna: yaliyozibwa yote yawekwe katika ndoo moja, yasiyozibwa katika nyingine, na yenye makinda yasikamuliwe kabisa. Asali ichujwe kwa kitambaa safi, kisha itulie siku mbili au tatu katika chombo kilichofunikwa, ili nta na povu vipande juu na kuondolewa. Chombo kilichowahi kutiwa mafuta ya taa au mawese kisitumiwe, kwa kuwa asali hushika harufu upesi.

Hesabu nayo inataka uangalifu. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 hubeba kilo 28 hivi. Mama anayeihesabu kuwa kilo 20 hutoa kilo 8 bure, na kwa familia ya askari inayotegemea mshahara wa mwisho wa mwezi, hasara hiyo si ndogo. Mzani huo huo humlinda mnunuzi pia: lita iliyopungua uzito huo kwa dhahiri ni dalili ya maji mengi.

Majaribio ya kutumbukiza tone la asali katika bilauri ya maji, au kuwasha kiberiti kilichochovywa, hayamfichui mdanganyifu, kwani shira nzito ya sukari nayo huzama vile vile. Uhakika hupatikana katika maabara. Asali iliyoganda nayo isitupwe wala kushukiwa. Chupa na iwekwe katika maji ya vuguvugu, nayo itayeyuka polepole.

Onyo moja halina budi kukumbukwa katika kila nyumba: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, iwe nyeupe au nyeusi. Yaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu tumboni mwa mtoto mchanga na kulegeza misuli yake, hata kuhatarisha uhai.

Hao wengine wa nyumbani waile bila wasiwasi. Na muuzaji anapoulizwa sababu ya weusi, ataje milima ilikotoka, aonyeshe mzani, kisha aseme bei yake bila kusitasita.