Watu Kumi: Wayuda wa Katanga na Majaribu Yao

Siku chache mbele ya Ijumaa Kuu, katekista mmoja wa upande wa Lubudi alinijia. Alikuwa akitengeneza mafundisho juu ya mateso ya Bwana wetu. Akaniuliza: «Padri, Wayuda hawa wangali wapo, ao walikwisha pamoja na nyakati za Biblia?» Nikamjibu: «Hakuna haja ya kwenda mpaka Yerusalema. Panda treni hapa, ushuke Lubumbashi, utaona sinagoga yao kwa macho yako.» Akashangaa. Mimi nami nilishangaa juu yetu sisi mapadri: kila siku tunasali zaburi za taifa hili, lakini historia yao katika inchi yetu hatuifundishi.

Basi tuulizane maneno manne: Walitoka wapi? Walipata taabu gani? Ni kitu gani kiliwashika pamoja? Nasi tujifunze nini?

I. Walitoka wapi?

Mwaka 1492 mfalme na malkia wa Hispania walifukuza Wayuda wote waliokataa kubatizwa. Waliofanya hivyo walikuwa wakristu. Tusifiche neno hilo. Wengi walipokelewa katika inchi za Sultani wa Uturuki, na baadhi yao wakakaa katika kisiwa cha Rhodes. Kule walidumu kusema kispanyola cha wazee wao kwa zaidi ya miaka 400.

Mwaka 1912 Waitalia walitwaa kisiwa hicho. Kazi ilikuwa haba, vijana wakatoka kuitafuta mbali. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910. Mwaka 1911 Wayuda wa kwanza, waliotoka pande mbalimbali, walikuwa wamekwisha kuunda shirika lao la sala. Kisha watu wa Rhodes wakazidi kuja, mmoja akimwita ndugu yake, mpaka wakawashinda wengine kwa hesabu. Wengi walikuwa wachuuzi. Walifungua magazini katika Elisabethville na katika miji mingine ya shaba. Karibu ya mwaka 1930 walijenga sinagoga. Mwaka 1937 akafika rabi kijana kutoka Rhodes, Moïse Levy, aliyechunga kundi hilo mpaka mwaka 1991.

Tuseme pia ukweli huu: kwa sheria ya ukoloni walihesabiwa upande wa wazungu. Ukuta uliogawanya mji uliwatenga nao na wazee wetu.

II. Taabu zao

Taabu ya kwanza ilitoka mbali. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitoa sheria za kubagua Wayuda. Seminari ya marabi ya Rhodes ikafungwa, watu wengi wakakimbia. Waliobaki walikamatwa na Wadeutshi katika Julai 1944. Siku ya 23 Julai walipakiwa katika meli kama mizigo, zaidi ya watu 1,600, wazee na watoto wachanga pamoja, wakapelekwa Auschwitz. Konsul wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, mwislamu, alidai wenye uraia wa Uturuki na watu wa nyumba zao waachwe, akaokoa watu wapata 40. Katika wale waliopelekwa walirudi 151 tu. Tufikiri juu ya mchuuzi wa Elisabethville aliyengojea barua ya mama yake nyuma ya vita. Baadhi ya wale waliookoka walikuja hapa Kongo kwa ndugu zao.

Taabu ya pili ilikuwa ya inchi yetu yenyewe. Mwaka 1960 Wayuda walikuwa karibu 2,500 katika Kongo yote, na nusu yao walikaa Elisabethville. Maasi ya askari ya Julai 1960 na vita vya Katanga mpaka Januari 1963 viliwatawanya wengi: Ubelgiji, Afrika ya Kusini, Rhodesia, Israeli. Siku ya 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitatwaliwa na raia wa Zaire. Magazini iliyojengwa kwa miaka 40 ilipewa mtu mwingine. Katika miaka ileile Kanisa nalo lilijaribiwa: mwaka 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na mwaka 1974 mashule yetu yalitwaliwa. Kisha mwaka 1991 Lubumbashi iliporwa, na waliokuwa wangali wapo wakapungua tena.

Taabu ya tatu ilikuwa ndani ya nyumba. Kwa sheria ya Wayuda, mtoto ni myuda kwa njia ya mama yake. Wanaume wa Rhodes walizaa watoto na wanawake wa Kongo, na kwa sheria hiyo watoto hao hawakuhesabiwa katika shirika. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 mpaka 2015, ni mwana wa Nissim Soriano wa Rhodes na wa mama mkongo. Kumbe, kushika sheria ya wazee kulilinda shirika, lakini kulifunga mlango kwa damu yao wenyewe. Tusiwahukumu. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha juu ya mambo ambayo Kanisa letu liliwafanyia watoto wa wazungu na wanawake weusi.

III. Ni kitu gani kiliwashika pamoja?

Kwanza, Sabato. Siku ya Ijumaa, jua likishuka, kazi inakoma, familia inaketi mezani. Mchuuzi anayefunga mlango siku ya faida anasema mbele ya watu wote kwamba mali si bwana wake.

Pili, kumbukumbu. Kila mwaka, siku ya Pasaka yao, mtoto anauliza na mzee anaeleza ginsi Mungu alivyowatoa Misri. Fundisho halingojei mwalimu wa shule. Baba na mama ndio makatekista wa kwanza.

Tatu, hesabu ya watu kumi. Hili ndilo neno ninalotaka tulishike. Kwa desturi yao ya zamani, sala ya pamoja haitimii bila wanaume kumi. Mfiwa anayetaka kusali Kadishi, sala inayomsifu Mungu na isiyotaja kifo hata mara moja, hawezi kuisali peke yake. Anahitaji wengine tisa. Kwa hiyo shirika linalopungua lina huzuni ya namna yake: nyumba ya sala ingali inasimama, vitabu vipo, lakini nani atakuwa mtu wa kumi? Mtu anayefunga safari kwenda Brussels ao Cape Town anajua kwamba anaacha pengo katika sala ya jirani yake. Na anayebaki anajua kwamba anahitajiwa. Hivi hata mtu mdogo kabisa, asiye na mali wala elimu, anaweza kuwa yule wa kumi.

IV. Sisi tujifunze nini?

Kwa makatekista: Ijumaa Kuu tusifundishe kwamba taifa zima la Wayuda lilimuua Yezu. Yezu, Maria na Mitume walikuwa Wayuda. Mwaka 1959 Baba Mtakatifu Yoane XXIII aliondoa neno la kuwatukana katika sala ya siku ile. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa kuwa kosa la Wayuda wote wa wakati ule, wala la Wayuda wa leo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, vita vya Israeli na Gaza vimeongeza chuki, na katika miji mingi ya Ulaya sinagoga zinalindwa na polisi. Tuwalilie waliokufa pande zote. Lakini myuda anayesali katika mji wake asilipishwe deni la vita.

Kwa mapadri: mtu anayezoea kusema «wale» juu ya Wayuda, kesho atasema «wale» juu ya jirani yake. Katika miaka 1992 na 1993 stesheni za Likasi na Kolwezi zilijaa watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa, na wengi wao walizaliwa hapahapa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji mamoja.

Kwa waseminari: mtatumwa katika vijiji ambavyo vijana wametoka kwenda kuchimba kobalti, na shirika limebaki na wazee na mama wachache. Msivunjike moyo. Abrahamu alipoombea Sodoma alishuka mpaka watu kumi, na Mungu akakubali. Ulizeni kwanza: «Kumi wetu ni nani?» Kisha mjueni kila mmoja kwa jina lake, na akikosa kuja, mwendeeni nyumbani.

Katekista yule aliniomba nimwandikie mambo haya. Nimeyaandika hapa ili na wengine wayapate. Na anayepita Lubumbashi asimame kidogo mbele ya sinagoga ile, awaombee wale waliobaki.