Uvumilivu au Ruhusa? Dokezo juu ya Istilahi za Vipimo vya Vipuri

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kuichunguza dhana moja ya uhandisi ambayo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuielewa kabla ya kuipa jina. Kipuri cha kukerezwa siku hizi huchorwa kwanza ndani ya kompyuta, na katika kielelezo hicho kila kitu ni kamili: mhimili wa milimita 25 una kipenyo cha 25 barabara, wala haupindi. Karakana haiwezi kuutoa ukamilifu huo. Kwa hiyo mchoraji hutaja kipimo cha msingi, kisha huweka mpaka wa juu na wa chini. Tofauti baina ya mipaka hiyo miwili ndiyo dhana tuizungumziayo.

Neno la Kiingereza la dhana hii lina asili ya Kilatini, tolerare, yaani kuvumilia. Ndiyo sababu mfasiri mwenye haraka huandika "uvumilivu". Kwa maoni yetu neno hili halifai. Msomaji atadhani kwamba linazungumziwa suala la uimara wa chuma, ilhali hapa chuma hakivumilii lolote. Mchoraji ndiye aliyetoa ruhusa, nayo ruhusa hiyo ina kiasi. "Ruhusa ya kipimo" yaelekea kufaa zaidi, mradi isichanganywe na "nafasi", ambayo ni pengo lililoko baina ya vipuri viwili vinavyoingiana.

Tuchukue mfano. Katika mfumo wa ISO 286, maandishi 25 H7/g6 yana sarufi yake. Herufi kubwa ni ya tundu, ndogo ni ya mhimili. Herufi hueleza ruhusa imekaa wapi kwa kulinganishwa na kipimo cha msingi, na tarakimu huonyesha daraja, yaani upana wake. Tundu laweza kuwa 25.000 hadi 25.021, na mhimili 24.980 hadi 24.993. Ruhusa basi ni 0.021 na 0.013, nafasi ni 0.007 kwa uchache na 0.041 kwa wingi. Ni mofolojia ambayo wengi wetu tungeionea wivu kwa utaratibu wake.

Lakini lugha hii nayo ina lahaja. Tuseme mhimili umepimwa kwa maikromita, nao ni 24.993 kila mahali, ila umepinda kwa 0.02. Kwa kanuni ya ASME Y14.5, itumikayo Marekani, mhimili huo hukataliwa, kwa kuwa mpaka wa ukubwa hutawala umbo pia. Kwa ISO 8015 kipimo na umbo hujitegemea. Pasipo alama ya ziada ya umbo, mhimili huo hukubaliwa. Hata hivyo hautapita katika tundu la 25.000. Maandishi ni yale yale, maana ni mbili, na mitambo hukwama.

ASME Y14.41 ya 2003, na ISO 16792 ya 2006, zilitoa taratibu za kuyaandika maelezo haya juu ya kielelezo chenyewe badala ya karatasi. Hapo nambari ya kanuni hukaa pembeni, kwa herufi ndogo, na mfasiri huweza kuidhani kuwa ni pambo la kiofisi. Yapasa iandikwe katika tafsiri kama ilivyo, kwani ndiyo itajayo lahaja.