Umeme Mdogo, Hasara Kubwa: Soko la Kulinda Mashine Kishapu

Mota ya mashine ya kusaga inapowashwa huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Kwenye laini ndefu ya kijijini taa za majirani hufifia kidogo, kisha hurudi. Kwa friji, inveta ya sola na kontrola ya pampu, sekunde hizo ndizo zenye hasara, na katika miji kama Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, ndizo zinazowapa kazi wauza stabilaiza na mafundi wa kubadilisha bodi.

Kinachouzwa zaidi ni kinga ya nje. Gadi ya friji hupima umeme wa volti 230, huukata ukishuka au kupanda kupita kiasi, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha ili kompresa isilazimishwe kuwaka ikiwa bado na presha. Ni kinga nzuri, na mwenye bucha au genge la soda asikose kuwa nayo. Lakini ndani ya kifaa kuna maikrokontrola, chipu inayotumia volti 5 au 3.3 na kuendesha programu ileile usiku na mchana. Huko gadi haifiki.

Umeme ukikatika kabisa, chipu huzima, na ukirudi huanza upya. Hatari ni pale unaposhuka nusunusu. Chipu ya ATmega328P, iliyomo kwenye bodi za Arduino Uno ambazo wanafunzi wengi wa elektroniki huanzia, ina kipimo cha ndani kinachopangwa kwenye volti 1.8, 2.7 au 4.3. Zikishuka chini ya hapo, chipu hujizuia hadi umeme utengemae. Mtengenezaji asipokiwasha kipimo hicho, chipu huweza kuendelea na kazi huku imepungukiwa nguvu, ikasoma amri vibaya na kuharibu kumbukumbu yake. Mteja huambiwa bodi imeungua, akanunua nyingine, kumbe pengine hakuna kilichoungua. Hata mita ya LUKU ukutani hutegemea ulinzi wa namna hiyo: haina budi kutambua kwamba umeme unapotea na kuhifadhi salio la uniti kabla nguvu iliyobaki kwenye kapasita haijaisha.

Kwenye ukanda wa dhahabu, Kahama hadi Geita, suala linavuka mfuko na kugusa uhai. Winchi ya kuteremsha watu shimoni inapaswa kuwa na breki inayofungwa na springi na kufunguliwa na umeme, ili umeme ukipotea ishike. Kontrola iliyovurugwa na umeme mdogo yaweza kuiacha wazi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61508, kilichoanza kutolewa 1998 na kuhuishwa 2010, kinamtaka mtengenezaji aonyeshe mashine itafanya nini siku itakapopata hitilafu. Chipu ijipime kumbukumbu, saa na volti zake kila mara, na ikikuta kasoro, isimamishe kazi.

Miradi mikubwa hupata vipimo hivyo kwa sababu vimeandikwa kwenye mkataba. Shirika la umeme la TANESCO, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, lilipanga megawati 150 za umeme wa jua hapa Kishapu, 50 zikiwa awamu ya kwanza. Mradi wa namna hiyo haukabidhiwi bila majaribio. Mchimbaji mdogo hununua kontrola dukani, akapewa risiti na maneno ya muuzaji. Naona hilo si haki, maana vifaa vya jaribio la awali si vya gharama ya kutisha: fundi mwenye pawa saplai ya kurekebishwa anaweza kuishusha volti ya bodi polepole kutoka 5, akaona kama inazima kwa usalama au inaanza kutoa amri za ovyo.

Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliweke jaribio hili kwenye mafunzo ya umeme na elektroniki, na Shirika la Viwango, TBS, lidai lifanyike kwa kila kontrola ya winchi inayoingia nchini. Nawe unayenunua winchi, usitoe fedha kabla haijajaribiwa mbele yako kwa umeme uliopunguzwa, ikiwa imebeba mawe, bila mtu.