Je, Wajua? Urembo wa Misri ya Kale na Moshi wa Modogashe

Malkia wa Punt alichorwa na furungu zake
Miaka ipatayo 3,500 iliyopita, Farao Hatshepsut alituma majahazi hadi nchi ya Punt, kisha safari nzima ikachongwa kwenye kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahri. Humo yumo Ati, malkia wa Punt: mnene wa kupendeza, gauni la njano lisilo na mikono, mkufu shingoni, bangili mikononi na furungu miguuni. Wataalamu wengi wanaiweka Punt kwenye Pembe ya Afrika. Binti wa Kisomali wa Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, akiringa kidogo mbele ya ukuta ule, tumwache.

Miti 31 ilisafirishwa ikiwa hai
Majahazi yalirudi na miti 31 ya uvumba, mizizi yake ikiwa vikapuni. Ndugu wa miti hiyo wanaota nyikani Garissa, Wajir na Isiolo, ambako akina mama hukusanya utomvu wake, malmal (ndiyo manemane), wakauza. Wamisri walifukizia mahekalu. Modogashe, uunsi (mchanganyiko wa manukato ya kufukiza) unatiwa juu ya makaa kwenye dabqaad (chetezo), na nguo na nywele hunukia hadi kesho yake. Kwa maoni yangu, hapa moshi umepata kazi bora zaidi.

Kichuguu kichwani, na kweli kilikuwepo
Katika picha za karamu, wanawake wa Misri wana kitu kama kichuguu kidogo juu ya nywele. Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu walidhani ni mbwembwe za wachoraji. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamevipata viwili makaburini Amarna, juu ya vichwa vya marehemu, vimetengenezwa kwa nta.

Wachoraji walidanganya kuhusu nguo
Gauni za kwenye kuta zinabana hivi kwamba mvaaji asingeweza kupiga hatua. Zilizofukuliwa ni pana, zinakaribia dirac, gauni pana la Kisomali la harusini, kuliko picha. Moja, ya kitani, kutoka Tarkhan, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000: ilishonwa kabla ya Piramidi Kuu kujengwa. Ilifukuliwa 1913, ikakaa ndani ya furushi la matambara hadi 1977, na mikunjo ya kwapani inaonyesha kuwa ilivaliwa.

Wanja ulipikwa na wanakemia
Ndani ya vikopo vya wanja vya Misri zimo chumvi za risasi ambazo hazipatikani kirahisi ardhini, kwa hiyo walizitengeneza wenyewe. Utafiti wa Ufaransa wa 2010 ulionyesha kuwa kiasi kidogo huamsha kinga ya mwili dhidi ya vijidudu vya macho. Usijaribu nyumbani: risasi ni sumu.

Farao wa kike mwenye ndevu
Wachoraji waliwapaka wanawake rangi ya njano, wanaume nyekundu ya udongo. Lakini Hatshepsut, bibi wa safari ya Punt, aliuvuka mpaka huo wa mwanamke na mwanamume: mara nyingi alichongwa akiwa na ndevu za bandia.