Usinunue mbwa kwa macho ya filamu

UKIKWAMA kwenye msongamano wa magari jijini Nairobi, usishangae kijana akikusogelea dirishani akiwa amewakumbatia vilebu wawili. Watoto walio kiti cha nyuma hushangilia, na kabla taa hazijageuka kijani mzazi ameshaanza kuuliza bei. Mchuuzi naye hujua la kusema: huyu ni wa aina ile mnayoiona kwenye filamu.

Hapo ndipo biashara ya mbwa inapoanzia, kwenye mapenzi. Wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao wameona pato hapo na kuanza kufuga mbwa wa kuuza. Hata hivyo, mapenzi yanayotoka kwenye runinga huja haraka na kupoa haraka, ilhali mbwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 akidai chakula, chanjo na kibanda.

Filamu na soko

Nguvu ya filamu katika soko la mbwa si jambo geni. Mnamo Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, mwanajeshi wa Marekani, Lee Duncan, aliokota vilebu wa German Shepherd katika banda lililoharibiwa kwa mabomu nchini Ufaransa. Mmoja wao, Rin Tin Tin, alivuka naye bahari hadi Marekani na kuigiza katika filamu zaidi ya 20 kabla ya kufa mwaka 1932. Wengi waliomtazama walitaka mbwa kama yeye. Hadi leo, hapa Kenya, German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaotajwa kwanza mtu anapotafuta mlinzi wa boma.

Mwaka 1943 ilitoka filamu ya Lassie Come Home, inayohusu mbwa aina ya Collie anayesafiri mwendo mrefu kumrudia mtoto anayempenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa usajili wa mbwa hao nchini Marekani uliongezeka kwa asilimia 40 katika miaka miwili iliyofuata.

Kuna mapenzi ya kweli pia. Hachiko wa Japani alikuwa wa Hidesaburo Ueno, profesa wa kilimo jijini Tokyo, na alizoea kumlaki katika kituo cha treni cha Shibuya. Profesa alifariki mwaka 1925 akiwa kazini. Mbwa huyo aliendelea kufika kituoni kumngoja hadi alipokufa mwaka 1935. Habari zake zimetengenezewa filamu Japani na Marekani, na sanamu yake ingali kituoni hapo.

Mapenzi yakipoa

Upande wa pili wa sarafu ulionekana baada ya filamu ya 101 Dalmatians kutoka mwaka 1996. Familia nyingi za Marekani zilikimbilia kununua mbwa hao weupe wenye madoadoa meusi. Hawakujua kuwa Dalmatian ana nguvu nyingi, anahitaji kukimbia kila siku, na kwamba baadhi yao huzaliwa viziwi. Kilebu alipokua na kuanza kuharibu vitu nyumbani, wengi walimpeleka katika makao ya mbwa waliotupwa. Waliozalisha kwa pupa wakifuata filamu walibaki na mbwa wasio na wanunuzi.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbwa unayemwona kwenye runinga akifungua mlango au kumwokoa mtoto amefunzwa kwa muda mrefu na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Kilebu wa barabarani hajui lolote kati ya hayo.

Piga hesabu kwanza

Kama unafikiria kufuga mbwa wa kuuza, anza na kalamu na karatasi. Mbwa jike asipandishwe mara tu anapopata joto la kwanza. Ni bora asubiri hadi awe na umri wa karibu miaka 2. Hubeba mimba kwa takriban siku 63. Vilebu nao wanafaa kukaa na mama yao hadi wiki 8. Hivyo, utalisha kwa karibu miezi 4 kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, na mama anayenyonyesha hula zaidi ya kawaida.

Dawa ya minyoo huanza vilebu wakiwa na wiki 2, na chanjo kati ya wiki 6 na 8. Ukipuuza chanjo, ugonjwa wa kuhara damu, ambao madaktari wa mifugo huuita parvo, unaweza kumaliza vilebu wote kwa siku chache. Usipandishe ndugu kwa ndugu. Kwa German Shepherd, chunguza kama wazazi wana tatizo la nyonga, kwani hurithiwa. Mnunuzi naye adai kuwaona wazazi na kadi ya chanjo. Mchuuzi wa barabarani hawezi kukuonyesha mama wa kilebu.

Zaidi ya yote, tafuta wateja kabla ya kupandisha. Anayehitaji mlinzi wa boma au wa zizi atakuwa na haja hiyo hata mwaka ujao. Anayefuata filamu atabadilisha nia filamu nyingine ikitoka.

Hasara ya jirani

Mbwa aliyechokwa akiachiliwa hugeuka koko. Hushambulia mbuzi na kuku wa jirani, na anaweza kueneza kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua pia ng'ombe, mbuzi na punda. Hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana, mgonjwa ni nadra sana kupona.

Mchanje mbwa wako akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitalini achanjwe. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa hiyo, mtoto akikuomba yule mbwa wa filamu, usimkatize. Mwulize kwanza nani atamlisha asubuhi, kisha ujiulize mwenyewe nani atalipia chanjo miaka 10 ijayo. Mkipata jibu, nendeni mkamchukue.